Ndoo ya Nyuma ya Kibanda

Mke wangu ana jina lake zuri alilopewa na wazazi, lakini kazini wanamwita Mama Ishirini na Nane, na mimi nimekuwa Baba Ishirini na Nane bila kuulizwa. Hizo ni siku. Mpelekee kemikali yoyote, ya sabuni, ya rangi au ya kuulia kunguni, umwulize kama ikimwagwa mtoni itaoza upesi au itakaa mpaka wajukuu waikute. Hatakujibu leo. Atakujibu baada ya siku ishirini na nane. Ukimwambia una haraka, atakwambia vijidudu hawana haraka, na kama unawajua kuliko yeye, basi ukawalishe mwenyewe.

Ni mwanamke mfupi, mwendo wake wa kasi, na kalamu mbili amezichomeka kwenye nywele, ya wino na ya risasi, na kila asubuhi anazitafuta zote mbili nyumba nzima. Subira na watu hana. Foleni inampandisha presha. Mlango ukikwama anaupiga teke, na pale kwetu mlango wa jikoni una alama ya kiatu chake. Lakini mbele ya chupa zake za kioo anaweza kusimama saa nzima bila kutikisika, akihesabu matone. Nimeishi naye miaka kumi na minane na sijawahi kusubiriwa hivyo hata siku moja. Nasema wazi kwamba wivu ninao.

Kazi yenyewe, kwa jinsi ninavyoielewa mimi ninayeisikia mezani kila siku, ni hii. Anapanga chupa sita kubwa kwenye chumba chenye giza na joto lisilobadilika. Kila chupa anaitia maji yenye chumvichumvi na tope kidogo la majitaka, maana kwenye tope ndiko wanakoishi vijidudu wanaokula uchafu wetu. Chupa mbili zinaachwa hivyo hivyo, bila chakula. Moja inatiwa chumvi ya siki, kitu ambacho vijidudu wanakipenda kama watoto wanavyopenda sukari; hiyo anaiita shahidi. Mbili zinatiwa kemikali inayopimwa. Hiyo anaiita mgeni. Ya sita inatiwa shahidi na mgeni kwa pamoja, ijulikane kama mgeni ana sumu.

Pampu inapuliza hewa ndani ya chupa bila kupumzika. Kijidudu akila, anapumua, na pumzi yake inanaswa kwenye chupa ndogo pembeni, kisha inapimwa tone kwa tone. Pumzi ikiwa nyingi, mgeni ameliwa. Ikiwa haba, mgeni yupo palepale. Akiliwa asilimia sitini, na kwa kasi inayotakiwa, anaandikwa kwamba anaoza kwa urahisi. Asipofika hapo, anaandikwa hivyo hivyo kwamba hakufika. Na kama shahidi naye hajaliwa vizuri kufikia siku ya kumi na nne, kila kitu kinamwagwa, kwa sababu vijidudu walioshindwa na sukari hawawezi kuaminiwa kwenye sabuni.

Tope linatoka kwangu. Mimi ni msimamizi wa mabwawa ya majitaka, mwaka wa kumi na moja sasa. Mnaocheka chekeni, lakini hakuna mtu mjini, tajiri kwa maskini, ambaye hajawahi kuniletea kazi.

Mke wangu akihitaji tope, anakuja kibandani kwangu na ndoo na fomu. Ndiyo, fomu. Mume na mke wa ndoa, na fomu katikati. Ina maswali saba na nafasi ya saini ya mkusanyaji. Mwaka wa kwanza niliyasoma yale maswali, au naamini niliyasoma. Baada ya hapo ikawa mazoea: natia alama ya hapana, hapana, hapana mpaka chini, naandika tarehe, nasaini, yeye ananyakua karatasi na kuondoka hata chai hajanywa.

Sasa ujue kilichokuwa kinamkera. Mkuu wa chumba kile cha chupa alistaafu miaka sita iliyopita, na mke wangu akaambiwa akaimu kwa muda. Muda huo ndio miaka sita. Anafanya kazi ya mkuu, analaumiwa kama mkuu, lakini kila akisaini lazima aandike Kaimu mbele ya cheo. Nilimwona mara moja akiandika neno hilo kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kila akimkumbusha mkurugenzi wake, anajibiwa, "Mama, subira yavuta heri." Jioni moja alirudi akatupa mkoba kwenye kiti na kusema, "Nimeivuta hiyo heri miaka sita. Nadhani kamba ilikatika zamani, navuta upepo tu."

Kisha kikaja kiwanda cha sabuni. Walikuwa na kemikali mpya ya kutoa povu, na walitaka kuandika kwenye pakiti kwamba ikimwagwa inaoza yenyewe. Wakaileta ipimwe. Mkurugenzi akamwita mke wangu ofisini, akafunga mlango, akamwambia neno alilolisubiri muda wote huo: "Nipe ripoti moja ya kazi hii, iliyokamilika kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, isiyo na doa. Siku utakayoikabidhi, barua yako ya kuthibitishwa naitia saini."

Alirudi nyumbani siku hiyo akiimba. Mama mkwe wangu, ambaye alikuja kututembelea wiki mbili na huu ni mwaka wa tatu, aliniuliza pembeni kama binti yake ana homa.

Jaribio la kwanza lilikwenda vizuri mpaka siku ya kumi na moja, umeme ukakatika. Maabara ina jenereta. Jenereta lina kufuli. Ufunguo wa kufuli anao mtu wa stoo, na mtu wa stoo alikuwa likizo na simu yake imezimwa. Pampu zikanyamaza siku mbili, chupa zikaanza kunuka, na mke wangu akamwaga kila kitu kwa mkono wake. Akarudi nyumbani. Aliupiga teke mlango wa jikoni, nao siku hiyo ulikuwa haujakwama.

Jaribio la pili ndilo lililoniingiza mimi. Siku ya kumi na nne alipima shahidi akakuta asilimia thelathini na nne. Akapima tena, thelathini na nne. Akamwaga. Jioni akaja, akasimama mbele yangu mezani, na mama yake anasikia.

"Tope lako limekufa," akasema.

"Limekufaje?"

"Nakuuliza wewe. Sukari imewashinda! Umewafanya nini?"

Nilikwenda kuulizauliza, nikagundua wakubwa wa halmashauri walilalamikiwa harufu, wakaagiza klorini imwagwe kwenye bomba kuu. Ilikuwa imemwagwa wiki ile ile ya kuchota, na mimi msimamizi sikuambiwa, kama vile mabwawa ni ya mjomba wao. Nilimweleza mke wangu. Alinisikiliza, akasema, "Sawa, si kosa lako," kwa ile sauti ambayo kila mume anajua maana yake.

Liliniuma, sitaficha. Miaka kumi na moja ninajivunia tope langu. Halafu binti wa watu anakosa barua yake kwa sababu ya ndoo yangu? Na mkurugenzi alikuwa ameshasema mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ikiharibika, kazi ya kiwanda itahamishiwa makao makuu, na barua pamoja nayo. Nikaapa kwamba safari hii tope litakuwa hodari hata kama italazimu nililee mwenyewe.

Ndivyo nilivyofanya. Nililea.

Dumu la mgeni lililobaki kwenye jaribio la pili mke wangu alikuwa amenikabidhi nilimwage kwenye kitanda cha mchanga tunapokaushia tope, mbali na mabwawa, kama utaratibu unavyotaka. Sikulimwaga. Nilichota tope zuri la bwawa la pili, nikalitia kwenye ndoo, nikaliweka nyuma ya kibanda penye kivuli. Nyumbani nikachukua kijiko kikubwa cha kupakulia, nikakificha kwenye koti. Kila asubuhi nikawa nawapa vijidudu kijiko kimoja cha yule mgeni, na kukoroga, na jioni kukoroga tena wapate hewa. Nilijiambia kwamba hakuna anayekula vizuri chakula asichokijua. Nitawajulisha mapema, siku ya mtihani wasishangae.

Na kweli, walijifunza. Siku za kwanza nikikoroga povu lilijaa mpaka ukingoni na kukaa hadi kesho yake. Wiki ya pili likawa linakwisha jioni. Wiki ya tatu, kabla ya saa sita mchana ndoo imetulia kama chai iliyopoa. Nilisimama pale mikono kiunoni, nikatabasamu peke yangu. Ningekuwa na mtu wa kumwonyesha ningemwonyesha.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa akitafuta kijiko chake. Alimshuku jirani, akamshuku fundi wa bomba, akanishuku hata mimi, lakini kwa heshima.

"Baba, hukukiona kijiko cha kupakulia?"

"Hapana, mama."

"Haya. Vijiko siku hizi vina miguu."

Siku ya kuchota, mke wangu alikuja mbio, mkurugenzi amempigia simu mara mbili njiani. Kwa kawaida husimama bwawani akaangalia ninavyochota. Siku hiyo nilimwambia, "Nimeshakuchotea, liko tayari," nikampa ndoo yake ikiwa imejaa tope la nyuma ya kibanda. Akanisogezea fomu mpaka puani. Hapana, hapana, hapana mpaka chini, tarehe, saini. Akaondoka.

Sijawahi kuona siku ishirini na nane zikienda hivyo. Umeme haukukatika. Shahidi aliliwa akaisha kabla ya wakati. Na mgeni! Kila jioni nilikuwa nauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Mgeni anaendeleaje?" naye ananitajia asilimia. Ishirini. Arobaini na tano. Sitini na mbili, na hata siku kumi hazijafika. Nilikuwa najigeuza upande ili asione ninavyocheka.

Lakini yeye hakuwa anacheka, na hilo lilinisumbua. Kadiri namba zilivyopanda ndivyo alivyozidi kuwa mkali. Akamgombeza mama yake kwa ajili ya chumvi. Akarudia kupima matone mara tatu tatu. Nilidhani ni uchovu.

Jumamosi baada ya siku ya mwisho tulikuwa mezani watatu, chai na mkate. Alikuwa ameleta grafu yake nyumbani, karatasi kubwa, ameitandaza katikati ya vikombe.

"Jumatatu nakabidhi," akasema. "Barua iko kwenye droo ya mkurugenzi, ameniachia niisome. Imebaki saini yake tu."

"Mungu mkubwa," akasema mama mkwe, akampigia makofi. "Na hilo neno la mbele?"

"Linaondoka, mama. Sitaliandika tena."

"Sasa mbona umenuna?"

Mke wangu akaweka kidole kwenye mstari wa grafu, mwanzoni kabisa.

"Hapa, mama. Hapa panatakiwa pawe bapa. Kijidudu akiletewa kitu asichokijua, anakaa siku tatu, nne, wiki, anakizungukazunguka kwanza. Hawa hawakusita. Siku ya pili wameshaanza kula, utadhani kijiko wamekuja nacho kutoka kwao."

"Kijiko!" mama mkwe akadakia. "Umenikumbusha. Kile cha kupakulia hakijaonekana mpaka leo."

Ningeweza kunyamaza. Nataka mjue hilo. Mkate ulikuwa mdomoni, ningetafuna tu. Lakini mke wangu alikuwa bado anautazama ule mstari, na niliona kwenye uso wake kwamba hana furaha, na kwamba hatakuwa nayo Jumatatu wala mwakani, atabaki anajiuliza. Nikameza.

"Kijiko ninacho mimi, mama," nikasema.

"Wewe? Kiko wapi?"

"Kibandani. Nyuma ya kibanda. Kwenye ndoo."

Mama mkwe akafungua mdomo aseme jambo. Mke wangu akamwinulia mkono anyamaze. Akanigeukia taratibu.

"Ndoo ya nini?"

Nikamweleza. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye dumu ambalo sikulimwaga, alichomoa kalamu ya risasi kutoka kwenye nywele.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ulipomwaga jaribio la pili."

"Siku ngapi?"

"Kumi na tisa. Jumapili sikuwa nakwenda."

"Kiasi gani?"

"Kijiko kimoja asubuhi."

"Cha kujaa au cha usawa?"

"Cha kujaa."

Aliandika yote pembeni ya grafu, kwa utulivu, kama anayeandika habari za mtu mwingine. Kisha akaiweka kalamu mezani na utulivu ukaisha.

"Miaka kumi na moja unasaini ile fomu! Kumi na moja! Umeshawahi kuisoma?"

"Nilitaka kukusaidia. Uliniambia tope langu limekufa. Nikataka safari hii mgeni aliwe, upate barua yako."

"Nani alikwambia nataka aliwe?" Alikuwa amesimama. "Nani? Angeliwa, sawa. Asingeliwa, sawa vilevile! Ningeandika kwamba hakuliwa, na ripoti ingekuwa imekamilika, na barua ningepata! Mimi sikuhitaji aliwe. Nilihitaji kujua kama ataliwa!"

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya mke wangu, baada ya miaka kumi na minane ya kuisikia mezani. Ningeketi kibandani nikanywa chai yangu, nisiguse kitu, barua ingekuja. Hata mabwawa yalikuwa yameshapona ile klorini. Tope la bwawa lenyewe, lile ambalo sikulilea, lingetosha.

Mama mkwe alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine. Ni mtu mwema na anampenda binti yake, kwa hiyo alisema lile ambalo hata mimi nilikuwa nimeliwaza.

"Mwanangu, nani mwingine anajua habari za ndoo? Sisi watatu tu. Na mimi sina wa kumwambia."

"Mama, hii sabuni itamwagwa kila nyumba," akasema mke wangu, na sauti ilikuwa imeshuka. "Itakwenda kwenye mito. Watu watasoma kwenye pakiti kwamba inaoza yenyewe. Huko mtoni hakuna mwanamume wa kuwalisha vijidudu kijiko kimoja kila asubuhi."

Akakusanya karatasi. Aliondoa vikombe juu ya grafu kimoja kimoja. Aliketi akaandika upande wa pili wa meza kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena, kisha akanisogezea karatasi na nakala ya ile fomu yangu.

"Soma," akasema. "Safari hii soma."

Nilisoma. Swali la tano la fomu lilikuwa linasema: Je, tope hili limewahi kukutana na kemikali inayopimwa, au kuzoeshwa kwa namna yoyote? Na mbele yake kulikuwa na hapana yangu, nzuri, imenyooka. Kwenye karatasi yake alikuwa ameandika kwamba jaribio limebatilika; kwamba mkusanyaji wa tope aliwazoesha vijidudu kwa kemikali inayopimwa kwa muda wa siku kumi na tisa, kijiko kimoja cha kujaa kila siku. Sentensi ya mwisho ilisema: Mkusanyaji ni mume wa mpimaji.

"Hiyo ya mwisho si lazima uiandike," nikasema. "Watasema tulikula njama. Wakubwa zangu nao wataiona."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi saini."

Nikasaini. Naye akasaini chini yangu, akaandika Kaimu, na safari hii kalamu haikutoboa karatasi. Aliandika polepole kama mtu aliyechoka. Heri angetoboa.

Jumatatu mkurugenzi alimwambia akae na ile karatasi wiki moja, wafikirie, labda kuna namna ya kuiweka vizuri. Mke wangu aliiacha juu ya meza ya mkurugenzi akatoka. Kwangu ilikuja barua ya onyo kutoka halmashauri, ukurasa mmoja na nusu, na haikuwa na neno la uongo. Barua nyingine, ile ya kwenye droo, ilirudi makao makuu bila saini. Mwezi uliofuata makao makuu yakaleta mkuu wa chumba kutoka kwao, bwana mmoja mpole, ambaye kila kitu anamwuliza mke wangu: chupa zinaoshwaje, shahidi anapimwa siku gani. Mke wangu ndiye anayemfundisha. Siku ya kwanza kabisa alimwambia jambo moja tu, kwamba ufunguo wa jenereta utoke stoo utundikwe msumarini ndani ya chumba. Akakubaliwa siku hiyo hiyo. Miaka sita mke wangu alikuwa akiliomba hilo.

Kazi ya kiwanda, ajabu, haikuhamishwa. Yule mkuu mpya alisema hawezi kuifanya bila mke wangu. Nyumbani hatukugombana. Ni afadhali tungegombana. Alikuwa ananipa salamu, ananiwekea chakula, ananiuliza kama nimekula dawa yangu ya kikohozi. Kijiko nilikirudisha, mama mkwe akakichemsha mara tatu, akakitundika, na hakuna anayekigusa.

Jana asubuhi mke wangu alikuja kibandani na ndoo na fomu, kwa jaribio la nne. Nilimchukua mpaka bwawa la pili, nikachota mbele ya macho yake, tope la kawaida la bwawani. Kisha nikaketi kwenye kiti changu nikaisoma ile fomu kuanzia juu, swali moja moja, kwa sauti.

"Soma kimya, nimechelewa," akasema.

Sikusoma kimya. Nilipofika la tano niliinua uso.

"Hapana," nikasema. "Halijawahi kukutana nayo. Halijazoeshwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mke wangu."

Nikatia alama, nikaandika tarehe, nikasaini, nikampa. Aliikunja fomu akaitia kwenye mkoba, akainua ndoo yake. Akapiga hatua mbili kuelekea getini, akasimama. Kisha akaiweka ndoo chini, akazunguka nyuma ya kibanda kuangalia.